Mficha Maradhi na Mkosa Maneno: Haja ya Kuunganisha Shahada za Kiswahili na Mawasiliano ya Afya

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii aghalabu hufasiriwa kuwa kemeo kwa mgonjwa mwenye haya. Hata hivyo, yupo mgonjwa asiyeficha chochote, ila maradhi yake hayaelezeki kwa kuwa lugha anayoujulia mwili wake siyo lugha aliyosomea daktari, na ujumbe anaopelekewa kuhusu kinga na tiba umepitia mikono mingi kabla ya kumfikia. Daktari aliyeuanzisha anaijua dawa. Mwanahabari aliyeupamba anaijua hadhira. Mfasiri aliyeitwa mwishoni, bango likiwa linangoja kupigwa chapa, anaijua sarufi. Mtu mmoja mwenye kuyajua yote matatu kwa kiwango cha kuaminika ameadimika kama wali wa daku.

Kuadimika huko si sadfa. Ni zao la jinsi vyuo vikuu vinavyoigawa elimu. Mwanafunzi wa Kiswahili husoma isimu na fasihi kwa miaka minne, kisha aghalabu huelekea darasani kufundisha. Mwenzake wa uandishi wa habari husomea taaluma yake kwa Kiingereza hata kama atakuja kutangaza kwa Kiswahili maisha yake yote. Wa tiba naye huhitimu akiwa na majina ya mifupa na mishipa yote kwa Kiingereza na Kilatini, kisha akaachiwa ajitafutie mwenyewe maneno ya kumwelezea mkulima wa Kwale au mchuuzi wa Gikomba kile kinachoendelea ndani ya kifua chake. Watatu hawa hukutana kazini kwa mara ya kwanza, na hukutana wakiwa na haraka.

Makala haya yana rai moja: kwamba idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya, kwa kushirikiana na shule za habari na za tiba, zianzishe njia ya miaka mitano inayounganisha shahada ya kwanza ya Kiswahili na shahada ya uzamili ya mawasiliano ya habari na afya, na kwamba lugha ya kufundishia na kuandikia tasnifu katika njia hiyo iwe Kiswahili.

Mpangilio wa kuunganisha shahada mbili si mgeni duniani. Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, mwanafunzi aliyefanya vyema huruhusiwa kuanza kozi kadhaa za uzamili akiwa bado katika mwaka wa nne. Kozi hizo huhesabiwa katika shahada zote mbili, naye humaliza uzamili kwa mwaka mmoja zaidi badala ya miwili. Ushirikiano wa vyuo nao una mfano wake: mjini Boston, chuo cha Emerson, kinachosifika kwa masomo ya mawasiliano, kiliwahi kuungana na shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Tufts kufundisha shahada ya uzamili ya mawasiliano ya afya. Waasisi wa mpango kama huo walitambua kuwa afya haiwezi kuachiwa madaktari peke yao, wala mawasiliano hayawezi kuachiwa wanahabari peke yao. Kilichobakia ni kuuliza: je, katika nchi ambayo Katiba yake ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, mwanaisimu na mwanafasihi wa Kiswahili ana nafasi gani katika muungano huo?

Jibu limo katika mifano midogo ambayo mtu wa lugha huiona upesi kuliko mwingine yeyote. Chukua maagizo ya dawa. Mgonjwa akiambiwa ameze kidonge "kila baada ya saa nane", msomi wa sarufi ataridhika. Lakini katika hesabu ya Mswahili, saa nane ni wakati maalumu wa mchana na wa usiku. Anayeyasikia maagizo hayo akiwa na homa kali na mtoto mgongoni anaweza kwenda nyumbani akameza dawa saa nane mchana na saa nane usiku, akaamini kuwa ametimiza wajibu. Wasanifu wa lugha hulikosoa neno "masaa" kila mara, na pengine wana haki yao, lakini mgonjwa aliyeambiwa "masaa manane" hakosei. Maagizo mengine husema "kutwa mara tatu". Kutwa, kwa maana yake ya asili, ni mchana kuanzia jua linapochomoza hadi linapotua. Je, usiku nao umehesabiwa? Swali hili ni la semantiki, na ni swali la uhai pia.

Chukua vilevile matokeo ya vipimo. Kiingereza kina neno moja la "ndiyo" ya maabara na "heri" ya maisha, na wafasiri wakalihamisha kwa Kiswahili kuwa "chanya". Mtu aliyezoea kusikia fikra chanya na mabadiliko chanya, kisha akaambiwa kuwa matokeo yake ya VVU ni chanya, ana haki ya kushusha pumzi na kushukuru. Muuguzi mwenye busara huacha istilahi hiyo akasema wazi kwamba virusi vimeonekana au havikuonekana. Busara hiyo ameipata kwa uzoefu, baada ya kuona nyuso za watu zikibadilika. Chuo kikuu kingeweza kumpa mapema.

Neno "homa" nalo lina kisa chake. Tanzania na katika lahaja za pwani, homa ni joto la mwili kupanda. Katika mazungumzo ya Wakenya wengi wa bara, homa ni mafua, yaani kamasi na kupiga chafya. Mwezi Machi 2020, Kenya ilipotangaza kisa chake cha kwanza cha korona, orodha za dalili zilianza kusambazwa kwa Kiswahili, na "homa" ikawa miongoni mwa maneno ya mwanzo. Msikilizaji mmoja alielewa joto, mwingine akaelewa mafua, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake ameelewa vingine. Sarufi ya orodha hizo haikuwa na dosari. Dosari ilikuwa katika kutoijua hadhira.

Mfano ulio mzito zaidi unatoka Bagamoyo. Katika miaka ya 1990, watafiti wa malaria waliofanya kazi huko waligundua kwamba wazazi wengi waliitenga degedege na malaria. Kwao, malaria ilikuwa maradhi ya hospitalini, ilhali degedege, ule mtukutiko wa mwili unaompata mtoto mwenye homa kali, ilihusishwa na pepo mwenye umbo la ndege, na tiba yake ilianzia kwa mganga. Wapo walioogopa kwamba sindano ingemuua mtoto mwenye degedege. Kwa daktari, degedege hiyo mara nyingi ni malaria iliyokwisha kupevuka na kuwa hatari. Basi ujumbe uliosema "mpeleke mtoto mwenye malaria hospitalini" ulieleweka barabara, ukatiiwa, na mtoto mwenye degedege akabaki nyumbani. Hapakuwa na ujinga hapo wala ukaidi. Palikuwa na maneno mawili ambayo watu wa tiba walidhani ni moja. Nani aliyefunzwa kuliuliza neno lina maana gani kwa wanaolitumia, lina asili gani, na linafungamana na imani zipi, ikiwa si mwanafunzi wa isimu na fasihi simulizi?

Ukosefu wa mtaalamu wa namna hii huacha mlango wazi kwa uvumi. Mwaka 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya walipinga hadharani kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa umri wa kuzaa, wakidai kuwa ilitiwa homoni ya kuzuia mimba. Serikali na mashirika ya afya ya Umoja wa Mataifa yalikanusha. Mjadala ukageuka kuwa wa vipimo vya maabara na majina ya homoni. Upande mmoja ulikuwa na kisa chenye mhusika, hila na mwathiriwa. Upande wa pili ulikuwa na takwimu. Yeyote aliyewahi kusoma ngano anajua ni upande gani uliokumbukwa vijijini. Wala isisahaulike kwamba kitenzi "kuchanja" kilikuwapo kabla ya sindano ya kisasa. Kilimaanisha kukata ngozi kwa wembe na kutia dawa, kitendo cha mganga. Anayetaka kuieleza chanjo kwa Kiswahili anarithi historia hiyo apende asipende, na ni heri aijue.

Pamoja na hayo, Kiswahili kimewahi kuifanya kazi hii kwa mafanikio, na waliokifanikisha walikuwa watu wa sanaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Wakenya walitazama Tushauriane katika televisheni na kusikiliza Ushikwapo Shikamana redioni, tamthilia zilizosuka masuala ya uzazi wa mpango ndani ya visa vya familia. Mbinu yake ilitokana na kazi ya Miguel Sabido wa Mexico: mhusika mwema, mhusika mwovu, na baina yao mhusika anayeyumba, ambaye msikilizaji hujiona ndani yake. Mwanafunzi wa fasihi atautambua mpangilio huo mara moja. Katika awamu ya baadaye ya Ushikwapo Shikamana alishiriki Kimani Njogu, msomi wa Kiswahili aliyeandika pamoja na Rocha Chimerah kitabu cha Ufundishaji wa Fasihi, kilichopata Tuzo ya Noma mwaka 2000. Mtaalamu wa nadharia ya fasihi alikuwa pia fundi wa ujumbe wa afya, na hakuna taaluma iliyopungukiwa kwa sababu hiyo.

Nchini Tanzania, Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati mwaka 1993. Dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mwenye wapenzi kila kituo, aliwafundisha wasikilizaji kuhusu UKIMWI kwa maisha yake na kwa kifo chake. Kilichoupa mchezo huo sifa katika vyuo vya ng'ambo ni utafiti ulioambatana nao: eneo la Dodoma liliachwa bila matangazo hayo hadi 1995 ili watafiti walinganishe, na waliosikiliza wakaonekana kubadili mienendo kuliko wasiosikiliza. Huo ni ushahidi kwamba mhusika aliyesukwa kwa Kiswahili fasaha anaweza kuokoa maisha. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya maandishi ya kitaaluma kuhusu mchezo huo wa Kiswahili imo katika majarida ya Kiingereza ya mawasiliano, na mwanafunzi wa tamthilia ya Kiswahili anaweza kuhitimu bila kumsikia Mkwaju akitajwa darasani.

Haja ya wataalamu hao leo ni kubwa kuliko ilivyokuwa wakati huo. Tangu 2013, huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti 47. Septemba 2023, serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba. Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF, na ghafla wananchi wakatakiwa kuelewa makato ya asilimia 2.75 ya mapato, hazina tatu tofauti, na tathmini ya uwezo wa kifedha kwa wasio na mshahara. Mzee aliyeulizwa maswali kuhusu paa la nyumba yake na mifugo yake, bila kuelezwa vyema kwamba majibu hayo yangetumiwa kukadiria mchango wake, angeelewaje? Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa mambo yake kwa lugha anayoielewa. Sheria ipo. Kazi iliyosalia ni ya kuwaandaa watu wa kuitimiza.

Yamkini msomaji atauliza: kwa nini shahada mbili ziunganishwe, ilhali mhitimu wa Kiswahili anaweza kujiunga na uzamili wa mawasiliano wakati wowote? Sababu ya kwanza ni kwamba mhitimu huyo akienda huko leo, huingia katika darasa la Kiingereza, husoma nadharia kwa Kiingereza na kuandika tasnifu kwa Kiingereza. Akihitimu, Kiswahili chake kimerudi kuwa lugha ya kutafsiria mawazo yaliyokwisha kufikiriwa kwingine. Sababu ya pili ni kwamba wanafunzi wengi wa uzamili hujilipia karo. Anayeondoka chuoni baada ya mwaka wa nne akanuia kurudi "mambo yakikaa sawa" huweza kungoja miaka kumi, na wengine hawarudi kamwe. Sababu ya tatu, na iliyo kuu, ni kwamba stadi hizi hukomaa zikilelewa pamoja. Samaki mkunje angali mbichi. Mwanafunzi anayesoma mofolojia muhula mmoja na muhula huohuo akaketi katika kliniki ya wajawazito akisikiliza jinsi wanawake wanavyoutaja mlango wa kizazi, au wanavyokwepa kuutaja, ataielewa tasfida kwa namna ambayo mihadhara peke yake haitamwezesha.

Njia yenyewe inaweza kupangwa hivi. Miaka mitatu ya mwanzo ibaki ya Kiswahili: isimu, fasihi andishi na simulizi, tafsiri, pamoja na misingi ya utangazaji na ya afya ya umma. Mwaka wa nne uwe daraja. Kozi nne za uzamili zihesabiwe pande zote mbili, nazo ni nadharia za mawasiliano ya afya, istilahi na matini za tiba, utafiti wa hadhira, na maadili ya habari za afya. Asiyetaka kuendelea, au asiyefikia kiwango, ahitimu na shahada yake ya kwanza bila hasara. Mwaka wa tano uwe wa nyanjani na tasnifu. Mwanafunzi apelekwe katika hospitali ya kaunti au kituo cha redio, aandae ujumbe au mchezo kuhusu suala moja, aujaribu mbele ya hadhira kabla haujatangazwa, aurekebishe, kisha aandike tasnifu kwa Kiswahili chini ya wasimamizi wawili, mmoja wa lugha na mwingine wa afya. Kila tasnifu iambatishwe na faharasa ya maneno ambayo watu wa eneo hilo huyatumia kutaja maradhi na viungo vya mwili. Baada ya miaka kumi, hazina ya faharasa hizo ingekuwa na thamani kubwa kwa hospitali na kwa wanaleksikografia pia.

Zipo pingamizi za kweli. Ya kwanza ni kwamba kuufanya uzamili uwe wa mwaka mmoja ni kuudunisha. Hofu hii ina mashiko iwapo kinachopunguzwa ni utafiti. Katika mpango unaopendekezwa, kinachopunguzwa ni marudio ya kozi za utangulizi, na tasnifu inabaki palepale. Idara isiyoweza kulinda kiwango hicho isianzishe mpango huu, kwa kuwa mtaalamu nusu wa afya ni hatari kuliko asiye mtaalamu.

Pingamizi la pili hutoka kwa wapenzi wa fasihi, wanaohofia kuwa Kiswahili kitageuzwa kijakazi wa taaluma nyingine. Lakini ni lini fasihi ya Kiswahili ilipoona haya kushughulikia mwili na maradhi? Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi wa wasia mwaka 1858 akiwa mgonjwa. William Mkufya aliandika riwaya nzima, Ua la Faraja (2004), kuhusu jamii iliyokumbwa na UKIMWI. Waandishi walikwisha kuingia wodini zamani. Ni mitaala iliyobaki mlangoni.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: kwamba wagonjwa wengi huumwa kwa Kikamba, Kiturkana, Kiborana au Kidholuo, na kukipa Kiswahili nafasi hii ni kuwapokonya lugha zao. Ni kweli kwamba kuna maumivu yasiyosemeka ila kwa lugha ya mama. Ndiyo maana mafunzo haya yanapaswa kumfunza mtaalamu kuuliza maneno ya watu kabla ya kuwapelekea yake. Aliyejifunza jinsi degedege ilivyoeleweka visivyo atakwenda Turkana akiwa na masikio yaliyofunguka. Mbinu aliyoipata kwa Kiswahili itazifaa lugha nyingine zote, na faharasa ya mwaka wa tano iandikwe kwa lugha yoyote ya mahali.

Wanaohitaji kushawishiwa kwanza si Wizara wala Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Ni wahadhiri na wanafunzi wa Kiswahili wenyewe, ambao wamezoea kulalamika kwamba lugha hii imetengwa, huku wakingoja kuitwa mwishoni ili wafasiri bango lililokwisha kuchorwa. Hatua ya kwanza haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji mwenyekiti mmoja wa idara ya Kiswahili avuke ua, abishe hodi katika shule ya tiba iliyo karibu, na kupendekeza kozi moja ya pamoja muhula ujao. Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga, wakimaanisha kuwa mhitaji hutendewa bila kungojwa aseme. Kwa muda mrefu methali hiyo imetumiwa kana kwamba mgonjwa haulizwi lolote. Aulizwe, na aulizwe na mtu aliyefunzwa kuelewa jibu lake.